Seva tatu, draivu mbili na roboti moja: ni programu gani isimamie maktaba ya tepu kwenye mtandao wa hifadhi?

Mpimaji wa Ilemela

Wakuu, heshima kwenu. Ofisi yetu ya upimaji ardhi hapa Mwanza imepata maktaba ya tepu iliyokwisha kutumika (kabati lenye roboti ya kuhamisha tepu kati ya sloti na draivu), yenye sloti 24 na draivu mbili za LTO-6, yaani kizazi cha sita cha tepu za LTO, zenye poti za faiba. Tunayo pia swichi ya faiba ya Gb 8 na seva tatu za Linux: ya kwanza inahifadhi picha za droni, ya pili ina hifadhidata ya viwanja na ramani, na ya tatu ni ya uhasibu. Picha ndizo zinazotuelemea, kwa sababu kila eneo tunalopima, kuanzia Kisesa hadi Sengerema, linaacha mafaili makubwa ambayo mteja anaweza kuyadai tena baada ya miaka mingi, mgogoro wa mpaka unapofika barazani.

Aliyetuuzia alisema kwamba tukichomeka kila kitu kwenye swichi, seva zote tatu zitaziona draivu zote mbili na kazi itakuwa imekwisha. Ni kweli zinaziona, ila sijaridhika. Seva mbili zikitaka draivu moja kwa wakati mmoja, anayeamua ni nani? Naomba ushauri wa programu ya kusimamia maktaba hii, ikiwezekana ya bure, na naomba anayetaja jina la programu aeleze na sababu zake.

Fundi Nyakato

Mkuu, kabla hatujafika kwenye programu, ondoa hiyo hali ya kila seva kuona kila draivu, na uiondoe leo kabla kazi za usiku hazijaanza. Diski za mtandao wa hifadhi (mtandao wa faiba unaounganisha seva na vifaa vya kuhifadhia data) tumezizoea, tukadhani draivu ya tepu nayo ina tabia hiyohiyo. Haina. Tepu ya LTO-6 ni utepe mmoja wa mita 846, na draivu inajua jambo moja tu, yaani mahali ilipofika sasa. Haitofautishi nafasi ya seva hii na nafasi ya seva ile.

Kwenye Linux kila draivu hupewa majina mawili, tuseme /dev/st0 na /dev/nst0. Draivu ni ileile, lakini ukilifungua jina la kwanza kisha ukalifunga, mfumo unairudisha tepu mwanzo. Jina la pili linaiacha palepale ilipo. Sasa chukulia seva yako ya picha inaandika na imefika katikati ya tepu. Kwenye seva ya uhasibu kuna kijana aliyeweka skripti ya kuangalia afya ya vifaa, na skripti hiyo inauliza hali ya draivu kwa amri ya mt kupitia /dev/st0. Haijaandika hata herufi moja, imeuliza tu. Lakini inapomaliza na kulifunga jina lile, tepu inarudi mwanzo, na seva ya picha haiambiwi. Bloku inayofuata inaandikwa juu ya lebo ya ndani iliyo mwanzoni mwa utepe, na kwa kuwa LTO huweka alama mpya ya mwisho wa data baada ya maandishi ya mwisho, kila kilichokuwa mbele ya hapo hakisomeki tena kwa njia za kawaida, ingawa bado kimo kwenye utepe. Asubuhi unaweza kukuta ripoti inasema kazi imefanikiwa.

Zipo programu zinazokagua nafasi ya tepu na kusimamisha kazi zikiona namba za bloku hazilingani, lakini usijenge usalama wako juu ya hilo. Ingia kwenye swichi ugawe zoni, yaani makundi ya poti zinazoruhusiwa kuonana, kwa namba za WWPN (utambulisho wa kila poti ya faiba), kila zoni iwe na poti moja tu ya seva pamoja na draivu ambazo seva hiyo inaruhusiwa kuzigusa. Kama seva ya picha ina kadi yenye poti mbili, poti moja iachie diski na nyingine tepu, ili msukosuko wa upande mmoja usivuke kwenda upande wa pili.

Angalizo moja ambalo huwapotezea watu siku nzima: kwenye maktaba ndogo nyingi roboti haina poti yake yenyewe. Huonekana nyuma ya draivu moja iliyoteuliwa, draivu ikiwa LUN 0 na roboti ikiwa LUN 1 (LUN ni namba ya kifaa nyuma ya poti moja). Ukiitoa draivu hiyo kwenye zoni, roboti inapotea pamoja nayo, na utahangaika na nyaya bure. Angalia kwenye ukurasa wa usimamizi wa maktaba ni draivu ipi inayobeba njia ya roboti, kisha endesha lsscsi -g uthibitishe.

Kisiwa cha Ukerewe

Naomba kuuliza kwa nia njema. Kwa nini msinunue diski za nje, au msipeleke picha kwenye wingu? Tepu bado zipo kweli?

Mzee wa Capri Point

Zipo, mwanangu. LTO-9 ilitoka mwaka 2021 ikiwa na TB 18 kwa tepu moja kabla ya kubana data. Na mwaka 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, nakala zilizokuwa kwenye diski nazo ziliguswa, na Google walizirejesha barua hizo kutoka kwenye tepu. Walieleza wenyewe hadharani kwamba tepu ziliokoka kwa sababu zilikuwa nje ya mfumo.

Nirudi kwa Mpimaji. Fundi amesema kweli, ila ameeleza nusu ya mgogoro. Nusu ya pili inahusu kumbukumbu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayopaswa kuamua unachagua programu gani. Kwenye chumba chako kuna kumbukumbu tatu, na hakuna inayojua yote. Maktaba yenyewe inasoma barkodi na kujua kwamba tepu fulani ipo sloti ya 7. Ikiulizwa kwa amri za SCSI (lugha ambayo seva huzungumza na vifaa vya hifadhi) inajibu sawasawa, lakini ndani ya tepu kuna nini haijui. Mfumo endeshi unajua kwamba kuna nst0 na nst1, lakini haujui ipi ni draivu ya juu na ipi ni ya chini. Katalogi ya programu yako ya nakala rudufu ndiyo inayojua kwamba picha za Sengerema zipo kwenye tepu fulani kuanzia faili fulani, na inaamini bado tepu hiyo ipo sloti ya 7 kwa kuwa ndipo ilipoiacha.

Hitilafu nyingi nilizoitwa kuzitazama, ukiacha vumbi na utepe uliokatika, zilikuwa kumbukumbu mbili kati ya hizo zimepishana. Mtu amefungua mlango akahamisha tepu mbili kwa mkono, katalogi haikuambiwa. Seva imewashwa upya, Linux ikaziona draivu kwa mpangilio mwingine, hivyo nst0 ya jana imekuwa nst1 ya leo. Hapo programu inaiamuru roboti iweke tepu kwenye draivu ya kwanza, roboti inatii, kisha programu inafungua nst0 na kukuta draivu tupu. Kosa linaloandikwa linasema draivu haina tepu, nawe ukichungulia kwa dirisha unaiona tepu imo.

Dawa ya hilo la pili ni kutotumia kabisa majina ya nst0 na nst1 kwenye mipangilio. Tumia majina yaliyo chini ya /dev/tape/by-id, ambayo yanatokana na namba ya utambulisho ya draivu yenyewe, kisha uioanishe namba hiyo na ile ambayo maktaba inaitaja kwa kila nafasi ya draivu. Ukishaandika mara moja, seva izimike na kuwaka itakavyo.

Nshomile wa Tepu

Shikamoo mzee. Nimefurahi umetaja kumbukumbu tatu, maana zinanirahisishia kueleza programu. Nasimamia maktaba kubwa kidogo kuliko hiyo huku Bukoba, na nimepitia mifumo ya kulipia na ya bure.

Kaka Mpimaji, usiulize programu ipi ni nzuri. Uliza roboti ni ya nani. Kuna mtindo ambao seva moja inamiliki kila kitu, roboti na draivu zote, na seva nyingine zinaipelekea data kupitia mtandao wa kawaida. Bacula, Bareos na Amanda, kwa matoleo yao ya bure, zinafanya kazi hivyo. Kuna mtindo wa pili ambao seva moja ni meneja wa maktaba na nyingine ni wateja wake: mteja anaomba tepu fulani iwekwe kwenye draivu, meneja anaiamuru roboti, anaandika kwamba draivu imeshikwa, kisha mteja anaandika moja kwa moja kwa njia ya faiba bila data kupita kwa meneja. Kazi ya meneja huyo ni ileile ya karani wa stendi ya Nyegezi anayepanga basi lipi liingie nafasi ipi. IBM Storage Protect, ile iliyokuwa ikiitwa Tivoli Storage Manager, ina mpangilio huo, na NetBackup ina wa kwake unaofanana nao. Mtindo wa tatu ni kuigawa maktaba yenyewe iwe maktaba mbili za kimantiki, kila moja na draivu yake na sloti zake, ikiwa kifaa chako kinaruhusu.

Mtindo wa pili ndio ambao watu huufikiria wakisikia mtandao wa hifadhi, na ndio unaovutia kwenye mchoro. Kwenu siuoni faida yake. Una seva moja yenye data kubwa na mbili zenye data ndogo; kwa nini ulipie leseni ya kugawana draivu wakati anayezihitaji kweli ni mmoja? Ifanye seva ya picha iwe mmiliki wa roboti na draivu zote mbili, uweke Bareos hapo, na zoni za faiba zibaki kati ya seva hiyo na maktaba tu. Seva ya hifadhidata na ya uhasibu zitume kupitia mtandao wa Gb 1. Swali lako la nani anaamua linakuwa halipo tena, kwa sababu hakuna wa kugombana naye.

Hesabu inakubaliana na hilo. LTO-6 inaandika MB 160 kwa sekunde, kwa hiyo tepu ya TB 2.5 inajaa kwa saa nne na dakika ishirini hivi kama data inafika bila kusita. Mtandao wa Gb 1 kwa kawaida hautoi zaidi ya MB 110 kwa sekunde, na tepu hiyohiyo ingechukua zaidi ya saa sita. Kibaya zaidi ni kwamba draivu ikikosa data ya kutosha inapunguza mwendo hadi kiwango fulani, na chini ya hapo inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaanza tena; utaisikia kwa sikio. Hilo linakula kichwa cha draivu cha kusomea na kuandikia, na utepe pia. Ndiyo maana data ya seva zile ndogo ipitie kwanza kwenye diski ya muda ya seva ya picha, ijae kiasi, ndipo imwagwe kwenye tepu kwa mkupuo. Bareos na Bacula zote zinaruhusu hilo kwa mistari michache ya mipangilio.

Kuhusu kuchagua kati ya hizo mbili sitagombana na mtu. Bareos ilitokana na Bacula na amri nyingi ni zilezile. Mimi natumia Bareos kwa sababu ndiyo niliyoikuta. Zote zinaendesha roboti kwa skripti inayoitwa mtx-changer, ambayo nayo inaita programu ndogo ya mtx; kwa hiyo kabla hujasakinisha kitu kikubwa, jaribu mtx kwa mkono. Iulize hali ya sloti, iamuru ipakie tepu moja kwenye draivu ya kwanza, uione kwa macho imeingia draivu gani, kisha uirudishe. Ikikubali kwa draivu zote mbili, kazi ngumu imekwisha.

Na lile la mtu kufungua mlango: kila mlango unapofunguliwa, amri ya update slots iendeshwe, bila kujali aliyefungua anasema hakugusa kitu.

Mpimaji wa Ilemela

Dada Nshomile, asante sana, umenifungua. Nimekwisha kurekebisha zoni kama Fundi alivyosema, na kweli roboti ilipotea mara ya kwanza kwa sababu ileile ya LUN 1.

Kuna jambo lilitokea wiki hii. Tulikuwa bado tunajaribu toleo la majaribio la programu moja ya kulipia kwenye seva mbili. Umeme ulikatika; UPS ya maktaba ilihimili, lakini seva ya hifadhidata ilizimika katikati ya kazi. Baada ya hapo seva ya picha ikawa inakataliwa draivu ya pili, na ujumbe unasema draivu imeshikwa na mwingine. Aliyeishika amezima. Inawezekanaje?

Fundi Nyakato

Inawezekana, na ni dalili kwamba programu ile ilikuwa inafanya kazi yake. Ili kuzuia mambo niliyoyaeleza juu, programu hizo huweka kufuli kwenye draivu kwa amri za SCSI. Kufuli la zamani lilikuwa jepesi: kifaa kikipigwa riseti linaondoka, jambo ambalo kwenye mtandao wenye seva nyingi lilikuwa hatari, kwa kuwa riseti ya seva moja ilimwondolea mwenzake ulinzi katikati ya kuandika. Likaja kufuli la kudumu, ambalo seva hulisajili kwa ufunguo wake, nalo linabaki hata seva ikizimika. Kwa kuwa draivu yako haikuzimika, bado inamtii mwenye ufunguo, ambaye hayupo.

Kwa amri ya sg_persist, iliyo kwenye kifurushi cha sg3_utils, unaweza kusoma ni ufunguo gani umeshika draivu, na unaweza pia kuuondoa kutoka seva nyingine. Sharti ni moja: hakikisha kwanza kwamba mwenye ufunguo amekufa kweli, maana ukimwondolea kufuli seva iliyo hai inayoandika, umerudi kwenye balaa la mwanzo. Tepu iliyokuwa ndani usiiendeleze. Iwekee alama ya kusomwa tu na uanze nyingine. Ukihamia kwenye mtindo wa mmiliki mmoja alioueleza dada yetu, tatizo hili kwa sehemu kubwa linakwisha, ila weka seva ya picha na maktaba kwenye UPS moja ili zizimike pamoja.

Nyongeza ya kwetu huku: radi. Ziwani huwa nyingi usiku, saa zilezile ambazo kazi za nakala zinaendeshwa. Waya wa faiba haupitishi umeme wa radi, lakini poti ya usimamizi ya maktaba ni waya wa shaba, na watu huusahau. Kama waya huo unatoka jengo moja kwenda jingine, ubadilishe uwe faiba.

Kisiwa cha Ukerewe

Nimeelewa sababu ya tepu. Swali jingine: mshambuliaji akiingia kwenye seva inayomiliki roboti, si anaweza kuiamuru roboti ipakie tepu moja baada ya nyingine na kuzifuta zote?

Nshomile wa Tepu

Anaweza, na ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na mafundi. Tepu iliyo ndani ya maktaba inafikika kwa mwenye mamlaka ya seva. Iliyo salama ni ile iliyotolewa nje na kuwekwa kabatini, au ile ya aina ya WORM ambayo draivu yenyewe inakataa kuiandika mara ya pili. Kwa picha za mipaka, ambazo hazibadiliki baada ya kazi kukamilika, WORM inastahili kufikiriwa.

Zikitoka nje ya ofisi, zifungwe kwa usimbaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina ya wenye viwanja ni taarifa binafsi hata yakiwa kwenye tepu. Draivu za LTO tangu kizazi cha nne zinasimba kwa AES ya biti 256 ndani ya draivu, bila kupunguza kasi kwa kiasi cha kuonekana. Bareos ina programu-jalizi ya kazi hiyo, na funguo za tepu hukaa kwenye katalogi. Hapo ndipo maneno ya mzee yanaporudi kwa uzito. Kwa tepu isiyosimbwa, ukipoteza katalogi unaweza kuijenga upya kwa bscan, ambayo inasoma tepu nzima kutoka mwanzo na kurudisha rekodi kwenye hifadhidata. Ni kazi ya saa nyingi kwa kila tepu, lakini inawezekana. Kwa tepu iliyosimbwa, ufunguo ukipotea hakuna wa kukusaidia. Kwa hiyo nakala ya katalogi, iliyo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ifanywe kila siku baada ya kazi zote, iwekwe mahali pengine mbali na tepu inazozieleza, na nakala ya ufunguo mkuu, ule unaofunga funguo za tepu, iwe kwa watu wawili.

Mzee wa Capri Point

Niongeze kuhusu kabati lenyewe. Vipimo vya kuhifadhi LTO kwa muda mrefu ni nyuzijoto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Hapa kando ya ziwa chumba cha kawaida chenye dirisha wazi kinapita kiwango hicho cha unyevu mara nyingi, kwa hiyo nunueni kipima unyevu, ni kifaa cha bei ndogo. Tepu ikitoka mbali, iache ikae chumbani siku nzima kabla ya kuiingiza kwenye draivu.

Jingine ni umri. Draivu ya LTO-7 inasoma tepu ya LTO-6, lakini ya LTO-8 haisomi, kwani kuanzia hapo desturi ya kusoma vizazi viwili vya nyuma iliachwa. Ofisi inayotaka kusoma tepu hizi baada ya miaka mingi itafute mapema draivu ya akiba ya LTO-6 au LTO-7, na katalogi iweze kutoa orodha ya tepu zote za kizazi hicho siku ya kuzihamisha.

Mpimaji wa Ilemela

Tumeamua: Bareos, mmiliki ni seva ya picha, zoni moja. Draivu ya kwanza itakuwa ya kazi za kila siku na ya pili ya kunakili tepu zitakazotoka nje. Swali la mwisho ni la barkodi. Tepu zilikuja na lebo za ofisi ya zamani. Naweza kubuni namba zangu?

Nshomile wa Tepu

Unaweza. Weka herufi na tarakimu sita, kisha L6 mwishoni kuonyesha kizazi. Anza na MWZ001L6 uendelee, na usirudie namba ya tepu iliyokwisha kutupwa. Zile za zamani zibandue kabisa, usibandike juu yake, kwa sababu lebo mbili zinaweza kukwama kwenye mkono wa roboti. Ukimaliza kuzipanga endesha label barcodes, nayo Bareos itaziandikia zote lebo za ndani zinazolingana na za nje. Tepu ya kusafishia iwe na namba inayoanza na CLN na ikae sloti ya 24, ili amri hiyo isiihesabu kama tepu ya data.